Kanuni imekubaliwa, malipo yamekosewa: kutatua matatizo ya lugha mahususi za programu

Mwongozo huu ni wa aliyeunda lugha ndogo ya programu kwa kazi moja maalumu, au aliyeirithi kwa mwenzake, na sasa inamsumbua. Lugha za aina hii si ngeni. SQL, iliyoanzia IBM mwaka 1974 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ni lugha mahususi ya kuuliza hifadhidata. Make ya 1976 inaeleza faili gani hujengwa kutokana na ipi. AWK ya 1977 inachambua maandishi mstari kwa mstari. Hizo zimesuguliwa na watu wengi kwa miongo mingi. Yako huenda ina watumiaji wanne walio katika ofisi moja, na hakuna mwingine duniani atakayeripoti hitilafu zake.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: lugha ya kanuni za malipo katika ushirika wa maziwa wenye ruta za Molo na Njoro, kaunti ya Nakuru. Mtengenezaji programu yuko Kisumu. Anayeandika kanuni ni karani wa malipo, anayejua maziwa, mikopo na wakulima kuliko mtu yeyote, na hajawahi kusomea uprogramu. Kanuni yenyewe inafanana hivi:

```
kanuni bonasi_ya_wingi
    ikiwa kilo_mwezi > 300
    ongeza 2 kwa kilo
mwisho
```

Wa miwa kule Bungoma atabadilisha kilo ziwe tani, na wa majani chai kule Nandi atabadilisha ruta iwe kituo cha kununulia. Magonjwa ni yale yale.

## Kabla ya kufungua msimbo

Chagua mkulima mmoja ambaye malipo yake yanalalamikiwa. Mpe karani kanuni, rejesta ya maziwa ya mkulima huyo na kikokotoo, kisha mwombe akokotoe kwa mkono huku akieleza kila mstari kwa sauti. Usimsaidie. Andika kila namba anayoifikia. Halafu ifanye mashine ikokotoe mambo hayo hayo, nayo ikiandika kila hatua.

Mahali namba zinapoachana ndipo pa kuanzia. Mara nyingi utakuta kwamba mashine imetii sarufi yako kwa uaminifu, na karani ameisoma kanuni kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma, na bado wawili hao hawapatani. Hilo ni kosa la lugha. Karani hakukosea, na kumpeleka kwenye mafunzo hakutatibu kitu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nusu ya matengenezo mabaya ninayoyaona huanza kwa kumlaumu mtumiaji.

Kama mashine yako haiwezi kuandika kila hatua, acha yote na uijengee uwezo huo kwanza. Amri ya kueleza malipo ni chombo cha lazima katika lugha ya namna hii, na karani ataitumia kuliko utakavyoitumia wewe:

```
Mkulima 0047, Machi
mapato_ghafi     412 kilo x 50.00      20,600.00
bonasi_ya_wingi  112 kilo x 2.00          224.00   mstari 14
kata chakula                           -6,000.00   mstari 21
kata sacco       10% ya mapato_ghafi   -2,060.00   mstari 22
lipa                                   12,764.00
```

Ukiwa na karatasi kama hii, simu nyingi hutazijibu tena. Mkulima akija dirishani kuuliza, karani anamwonyesha.

## Dalili: kanuni inapita bila lalamiko, lakini pesa si zenyewe

Hili ndilo kundi baya kuliko yote. Programu inayoanguka inajitangaza. Hii inalipa watu vibaya mwezi baada ya mwezi, na wewe huna habari.

Angalia kwanza "na" na "au" zilizochanganywa. Karani ameandika:

```
ikiwa ruta = "Molo" au ruta = "Njoro" na kilo_mwezi > 300
```

Alikusudia wakulima wa ruta zote mbili waliovuka kilo 300. Lakini karibu lugha zote za programu hufunga "na" kwa nguvu kuliko "au", na kama uliiga desturi hiyo, mashine imesoma: yeyote wa Molo, au wa Njoro aliyevuka 300. Mkulima wa Molo mwenye kilo 40 anapata bonasi. Usiandike onyo kwenye hati ya maelezo, hakuna atakayelisoma. Ifanye sarufi ikatae kuchanganya "na" na "au" katika sharti moja bila mabano. Karani ataudhika mara moja, ataweka mabano, na kuanzia hapo kila anayesoma kanuni ile ataelewa kitu kimoja.

Halafu angalia mipaka ya viwango. Bonasi ya shilingi 2 kwa aliyevuka kilo 300: ni kwa kilo zote, au ni kwa zile zilizozidi tu? Mkulima wa kilo 301 anapata shilingi 602 kwa usomaji wa kwanza na shilingi 2 kwa usomaji wa pili. Kodi ya mshahara ya PAYE hufuata usomaji wa pili: kiwango cha juu hugusa kile kilichozidi peke yake. Lakini kamati nyingi za wakulima zinapokaa na kupitisha bonasi, hukusudia ule wa kwanza, na hazisemi, kwa sababu kwao ni wazi. Lugha yako isikubali `ongeza 2 kwa kilo` ikaishia hapo. Mlazimishe mwandishi achague: `kwa kilo_zote` au `kwa kilo_zilizozidi 300`. Fanya vivyo hivyo na mipaka yenyewe. "Kuanzia 300" inaihesabu 300. "Zaidi ya 300" haihesabu. Kukiwa na viwango kadhaa, kompaila, yaani programu inayosoma kanuni na kuzigeuza kuwa kazi ya mashine, ipitie mipaka yote na kusema iwapo kuna pengo kati ya kiwango na kiwango, au iwapo viwango viwili vinagombania kilo ile ile. Ni ukaguzi mwepesi kuuandika, kwani ni kupanga namba na kulinganisha jirani na jirani.

Asilimia ya nini? Mapato ghafi ni 20,000. Mkulima alichukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo wa 6,000. Sacco inakata asilimia 10. Ukikata Sacco kwanza, ni 2,000. Ukianza na chakula, Sacco inabaki na asilimia 10 ya 14,000, yaani 1,400. Shilingi 600 zimetegemea mpangilio wa mistari tu, na siku karani atakapoipanga faili vizuri ili isomeke, malipo ya kila mtu yatabadilika. Dawa ni ile ile: `kata 10%` peke yake ikataliwe; `kata 10% ya mapato_ghafi` ikubaliwe. Baada ya hapo mpangilio wa mistari hauna madhara tena.

Kilo na lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Lita 400 ni kama kilo 412. Kama baadhi ya vituo hupima kwa mizani na vingine kwa kipimo cha ujazo, na lugha yako inaziona zote kuwa namba tupu, utalipa pungufu kwa asilimia tatu hivi bila dalili nyingine yoyote. Zipe namba vizio vyake: `400 lita` isiweze kujumlishwa na `12 kilo` hadi mwandishi aseme inabadilishwaje. Watengenezaji wengi hudhani ukaguzi wa aina ni anasa ya lugha kubwa. Mimi naona ndiyo sababu kuu ya kuwa na lugha yako mwenyewe, maana lugha ya jumla haijui kilo ni nini.

Senti. Namba za desimali zilizohifadhiwa kwa msingi wa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, haziwezi kuishika 0.1 kikamilifu, ndiyo maana kompyuta hukuambia 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Hifadhi pesa kama senti kamili, au tumia desimali halisi za lugha mwenyeji, yaani ile uliyoitumia kuijenga yako. Hilo ni rahisi. Gumu zaidi ni wakati wa kukadiria. Bei ya 47.35 kwa kilo, mkulima analeta kilo 6.3 kila siku: ni 298.305 kwa siku. Ukikadiria kila siku kuwa 298.31, siku 30 zinatoa 8,949.30. Ukijumlisha kilo kwanza, 189 kwa 47.35 ni 8,949.15. Senti 15 kwa mkulima mmoja si kitu, lakini mhasibu anayejaribu kulinganisha jumla ya benki na jumla ya rejesta hatalala. Amua mahali pamoja pa kukadiria, pawe ndani ya lugha, na karani asipate nafasi ya kupachagua.

## Dalili: makato yanatoka madogo mno, na tofauti ni mara mbili ya namba ya mwisho

Dalili hii ni mahususi kiasi kwamba ukiiona unaweza kwenda moja kwa moja kwenye chanzo. Kanuni inasema:

```
lipa mapato - chakula - sacco
```

Mapato 20,000, chakula 6,000, Sacco 1,400. Jibu sahihi ni 12,600. Mashine inasema 15,400. Tofauti ni 2,800, mara mbili ya makato ya Sacco. Mashine imekokotoa 20,000 - (6,000 - 1,400).

Chanzo chake kina hadithi inayojirudia. Mtengenezaji aliandika kichanganuzi, sehemu inayosoma kanuni na kutambua muundo wake, kwa mkono, kwa njia ya kuitana: kila kanuni ya sarufi ni kitendaji, kipande cha msimbo chenye jina, kinachoita vingine. Sarufi yake ya kwanza ilisema *jumla* ni *jumla, alama ya kutoa, kipande*. Kitendaji cha jumla kikajiita chenyewe kabla hakijasoma herufi hata moja, kikajiita tena, hadi kumbukumbu ikajaa na programu ikaanguka. Akageuza sarufi: *kipande, alama ya kutoa, jumla*. Kuanguka kukakoma, majaribio ya kujumlisha yakapita yote, maana kujumlisha hakujali upande. Kutoa kunajali, na kugawanya vilevile.

Matibabu: soma kipande cha kwanza, kisha zunguka, kila ukikuta alama ya kutoa, soma kipande kinachofuata na ukiunganishe na ulichonacho tayari upande wa kushoto. Kama una ngazi nyingi za alama, njia aliyoieleza Vaughan Pratt mwaka 1973 inazishughulikia zote kwa msimbo mfupi, na inafaa kujifunza mara moja uitumie maisha yote. Unaweza pia kutumia zana ya kutengeneza vichanganuzi: ANTLR tangu toleo la 4 inakubali sarufi inayojiita moja kwa moja upande wa kushoto, na Yacc na Bison hazijawahi kuwa na shida nayo. Halafu ongeza jaribio la 10 - 3 - 2. Likitoa 9, rudi mwanzo wa sehemu hii.

## Dalili: "syntax error", basi

Karani anatuma picha ya skrini yenye maneno hayo mawili. Ndiyo maneno ya kawaida ya Yacc na Bison pale ambapo mtengenezaji hakuandika mengine. Au anatuma ukurasa mzima wa majina ya faili za Python asizowahi kuziona.

Huo ukurasa mzima hutokea pale lugha yako inapoishi ndani ya lugha nyingine, yaani kanuni za karani kwa kweli ni msimbo wa Python au Kotlin uliovalishwa nguo nzuri. Njia hiyo inakuokolea kazi ya kuandika kichanganuzi, na kwa watumiaji ambao ni waprogramu ni njia bora. Gradle imejengwa hivyo juu ya Groovy na Kotlin. Lakini kosa likitokea, lugha mwenyeji hujieleza kwa mambo yake. Kwa karani wa malipo hiyo ni sababu tosha ya kuandika lugha inayojitegemea.

Ukiisha kujitegemea, kila tokeni, yaani kila neno au alama ya kanuni, ibebe namba ya mstari na safu yake, na kila tawi la mti wa sintaksia, muundo ambao kichanganuzi hujenga kutokana na tokeni, lizirithi. Lazima hili lifanywe tangu mwanzo. Kulipachika baadaye kunamaanisha kugusa kila kona ya msimbo. Kisha unaweza kusema:

```
malipo.kanuni, mstari 14, safu 11: sifahamu jina "kilo_mwezii".
    ikiwa kilo_mwezii > 300
          ^
Je, ulikusudia kilo_mwezi?
```

Pendekezo la mwisho linatokana na kupima ni herufi ngapi za kubadilisha ili jina moja liwe jingine, kipimo cha Levenshtein cha 1965, na kinaandikika kwa mistari michache. Kwa faida inayoleta, hakuna kitu cha bei nafuu zaidi katika kazi hii yote.

Ukiona jina lililoandikwa vibaya halileti kosa lolote, bali bonasi inatoweka kimya, basi mahali fulani unatafuta majina kwenye kamusi na kurudisha sifuri yasipopatikana. Ondoa hiyo sifuri leo. Majina yote yakaguliwe kabla kanuni ya kwanza haijaendeshwa.

## Dalili: inafanya kazi Kisumu, inakataa Njoro

Faili ni ile ile kwa macho. Kwa mashine si ile ile. Ifungue kwa zana inayoonyesha baiti na utafute haya.

Nukuu zilizopinda. Karani alipokea kanuni kwa WhatsApp au aliiandika kwenye Word, na programu ikageuza nukuu nyoofu kuwa zilizopinda. Kisha kuna nafasi isiyokatika, U+00A0, inayofanana kabisa na nafasi ya kawaida. Kuna pia alama ya mwanzo wa faili, baiti EF BB BF, ambayo Excel huiweka unapohifadhi jedwali kama faili la CSV la UTF-8, na ambayo hulifanya jina la safu ya kwanza lisitambulike ingawa limeandikwa sawasawa. Kichanganuzi chako kizikubali zote tatu au kizitaje kwa jina. Kusema "herufi isiyotarajiwa" na kuonyesha nafasi tupu ni kumtesa mtu.

Kwetu kuna moja ya ziada ambayo vitabu vya ng'ambo havitakutajia. Ikiwa maandishi katika lugha yako hufungwa kwa nukuu moja, siku ya kwanza utakutana na Ng'ang'a, siku ya pili Ng'eno, na ukivuka kuelekea Siaya utakutana na kituo cha Ng'iya. Kila mmoja atafunga maandishi katikati ya jina. Tumia nukuu pacha. Bado kuna mtego: simu nyingine huandika alama hiyo kama U+2019, nyingine kama nukuu nyoofu, na mkulima mmoja anakuwa wakulima wawili, mmoja mwenye maziwa na mwingine mwenye mkopo. Zigeuze zote ziwe alama moja mlangoni, kabla data haijaingia popote, na linganisha wakulima kwa nambari yao ya uanachama, majina yabaki ya kusomwa na watu.

Na nambari hizo pia zina ugonjwa wake, ikiwa kanuni au orodha zako zimehifadhiwa katika YAML, muundo wa maandishi wa kuhifadhi data. Toleo la 1.1, ambalo wasomaji wengi wa YAML bado hulifuata, husoma namba inayoanza na sifuri kuwa ya msingi wa nane. Mkulima 0047 anageuka 39. Mkulima 0048 anabaki maandishi, kwa kuwa 8 haimo katika msingi wa nane. Kwa hiyo wakulima wengine ni wazima na wengine wamehama bila mpangilio unaoonekana, na maziwa ya 0047 yanaweza kulipwa kwa mwanachama 39. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa desturi hiyo. Weka nambari zote za uanachama na za simu ndani ya nukuu, hata pale unapodhani si lazima.

## Dalili: kanuni ya asubuhi inakamata maziwa yasiyo ya asubuhi

Karani ameandika `kabla ya saa 4` akimaanisha saa nne ya asubuhi, kama anavyoisema kila siku, yaani 10:00. Mashine imesoma 04:00, alfajiri, wakati hakuna mkulima aliyefika kituoni. Kanuni haikamati mtu. Au `kuanzia saa 10` ya alasiri imesomwa 10:00, na maziwa ya asubuhi yaliyochelewa njiani yanalipwa bei ya jioni.

Usijaribu kukisia. Kubali mtindo mmoja tu ulio wazi, wa tarakimu nne, `10:00`, kisha mashine iurudishe kwa maneno ili karani athibitishe: "kabla ya saa 4:00 asubuhi". Akiandika `04:00` na kuona "saa 10:00 alfajiri" mahali alipotaka saa nne asubuhi, atarekebisha mwenyewe.

Kando ya hilo, seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Kanuni iliyoandikwa ianze tarehe 1 itaanza saa tisa usiku badala ya saa sita. Wabebaji maziwa hawako barabarani saa hiyo, kwa hiyo hitilafu inaweza kujificha muda mrefu, hadi simu ya karani wa kupima ikose mtandao na kutuma rekodi za jana usiku wa manane. Hifadhi muda wa kupima, usiutegemee muda wa kupokelewa, na tamka eneo la saa ndani ya lugha yenyewe.

## Dalili: watumiaji wanaandika Kiswahili sahihi na mashine inakikataa

Mtengenezaji alitaka kanuni zisomeke kama sentensi. Akaweka neno `imezidi`. Karani akaandika:

```
ikiwa kilo zimezidi 300
ikiwa maziwa yamezidi kilo 300
ikiwa mkopo umezidi 5000
ikiwa deni limezidi 5000
```

Kila mstari ni Kiswahili safi, na kila mmoja umekataliwa. Lugha inayojifanya sentensi inamwalika mtu aandike sentensi, na ngeli za nomino zinahakikisha kwamba neno moja lina maumbo mengi. AppleScript ya 1993, lugha ya kuziamuru programu kwenye kompyuta za Apple, ilikutana na shida inayofanana na hii upande wa Kiingereza: husomeka vizuri, lakini kuiandika ni kubahatisha ni sentensi gani itakubalika.

Unaweza kukifundisha kichanganuzi kikubali kiambishi chochote mbele ya *-mezidi*. Inafanya kazi, lakini kesho watataka *hazijazidi*, kesho kutwa *zikizidi*, na hutafika mwisho. Kwa maoni yangu ni bora kutumia alama `>` na `<`, ambazo kila aliyesoma hesabu za shule ya msingi anazijua, na kuacha Kiswahili kifanye kazi yake kwenye majina ya vitu, kwenye ujumbe wa makosa na kwenye karatasi ya maelezo. Hapo sentensi kamili zinafaa, kwa kuwa mashine ndiyo inayoandika na mtu ndiye anayesoma.

## Dalili: seva imekwama, au faili limefika mistari elfu

Haya mawili huja pamoja mara nyingi. Watumiaji wananakili kanuni moja kwa kila ruta, faili linavimba, wanaomba vigeu, halafu lupu, yaani amri za kurudia, halafu vitendaji. Ukiwapa vyote, umejenga lugha ya jumla isiyo na zana za lugha ya jumla, na siku moja kanuni itazunguka bila kukoma mwisho wa mwezi.

Kabla ya kuongeza lupu, soma kanuni zilizonakiliwa na uulize ni nini kinachobadilika kati yao. Katika malipo ya maziwa ni bei, ruta na mwezi. Hiyo ni jedwali. Ongeza jedwali katika lugha, na kanuni ishirini zinakuwa moja. Lugha isiyo na lupu wala kujiita ina sifa ya thamani kubwa: unaweza kuahidi kwamba kila kanuni itamaliza. Usiitoe sifa hiyo kwa bei rahisi. Hesabu ambayo kweli haiwezekani bila lupu iandike wewe katika lugha mwenyeji, uipe jina, na karani aiite kwa jina hilo.

Seva ikikwama bila lupu yoyote, tazama ruwaza za maandishi (regex), yaani vielezo vya kutafutia maandishi ya umbo fulani. Injini nyingi za ruwaza hurudi nyuma na kujaribu kila njia, na ruwaza yenye `.*` mbili zinazofuatana inaweza kuchoma muda wote wa prosesa kwa mstari mmoja wa maandishi. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza ya namna hiyo ilisimamisha duniani huduma za Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia, kwa karibu nusu saa. Kama lugha yako inawaruhusu watumiaji kuandika ruwaza, tumia injini isiyorudi nyuma.

Na ikiwa kanuni zinaendeshwa kwa kuzikabidhi `eval` ya lugha mwenyeji, amri inayoendesha maandishi yoyote kama msimbo, kila anayeweza kuandika kanuni anaweza kusoma na kufuta chochote kwenye seva. Hapo hakuna la kuchunguza. Andika mkalimani wako mwenyewe, yaani programu inayosoma kanuni na kuzitekeleza yenyewe. Kwa lugha ndogo ni kazi ya kurasa chache.

## Dalili: kanuni za mwaka jana zinatoa majibu mapya

Mkulima anabishana kuhusu malipo ya Machi iliyopita. Unaendesha kanuni ya Machi kwa kompaila ya leo, na jibu si lile lililo kwenye stakabadhi yake. Umebadilisha maana ya neno fulani katikati, pengine kwa nia njema kabisa, kama vile kurekebisha mipaka ya viwango.

Kila faili la kanuni lianze na `toleo 1` au `toleo 2`, na kompaila iendelee kuyaelewa matoleo ya zamani kwa maana zake za zamani. Anza na hili kabla hujapata mtumiaji wa kwanza. Stuart Feldman alipotengeneza Make katika Bell Labs alitambua mapema kwamba kulazimisha tabu mwanzoni mwa mstari ni kosa la usanifu, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwavurugia kazi. Tabu ipo hadi leo, na bado inawaangusha watu.

Weka pia kando malipo ya miezi iliyokwisha kukubaliwa na wakulima, pamoja na data yake, na kila unapobadilisha kompaila yaendeshe upya yote. Namba moja ikisogea hata kwa senti, mabadiliko yasitoke Kisumu hadi karani wa Njoro aone ni nani amesogezwa na kwa nini.